Jinsi ya kupanua nafasi ya kadi ya kumbukumbu katika tarakilishi ndogo

Na MWANDISHI WETU

MTU akinunua kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 32 hutarajia kuitumia nafasi hiyo yote. Anaitia katika tarakilishi yake ndogo, anaanza kazi, na baada ya siku chache skrini inamwarifu kwamba nafasi imekwisha. Akizihesabu faili zake, hazifiki hata gigabaiti nane. Wengi hudhani wametapeliwa dukani, na wengine huitupa kadi na kununua nyingine. Mara nyingi kadi hiyo haina hitilafu yoyote. Nafasi imo, ila bado haijakabidhiwa kwa mwenyewe.

Kuipata nafasi hiyo ni kazi ya dakika chache, na haihitaji gharama yoyote. Hata hivyo, ni kazi isiyosamehe uzembe. Nambari moja ikikosewa, alama za mtihani za muhula mzima, rekodi za kliniki ya kijijini au vipimo vya mvua vya miaka miwili huenda visionekane tena. Makala haya yanaeleza chanzo cha tatizo, namna ya kulitambua, njia salama za kulitatua, na mitego ambayo huwanasa hata wajuzi.

Tarakilishi ndogo na kadi yake

Tarakilishi ndogo inayojulikana zaidi ni Raspberry Pi, iliyozinduliwa nchini Uingereza mnamo Februari 29, 2012 na wakfu wenye jina hilo ulioko Cambridge. Nia ya waasisi wake ilikuwa kuwapa vijana chombo cha bei nafuu cha kujifunzia uandishi wa programu. Modeli ya kwanza, yenye ukubwa wa kadi ya benki, iliuzwa kwa dola 35 za Marekani. Tangu hapo kumetokea modeli nyingine kadhaa, zikiwemo Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 na Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023.

Umuhimu wa vifaa hivi umevuka mipaka ya darasa la programu. Shule isiyo na intaneti inaweza kuweka ndani yake mkusanyiko wa masomo kama vile Kolibri au RACHEL, na wanafunzi wakasoma vitabu na kutazama video kupitia mawimbi ya Wi-Fi ya pale pale shuleni. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, watafiti wamezitumia kunasa sauti za ndege katika hifadhi ya chuo. Kazi zote hizo mbili hula nafasi kwa kasi, kwa kuwa video na sauti ni faili kubwa.

Tofauti na kipakatalishi, nyingi ya tarakilishi hizi hazina diski ya ndani. Mfumo endeshi, programu na kazi zote za mtumiaji hukaa pamoja katika kadi ndogo ya microSD, isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Kadi ikijaa, si faili mpya tu zinazokosa mahali. Mfumo wenyewe hushindwa kuandika kumbukumbu zake, masasisho hukwama katikati, na wakati mwingine mtumiaji hushindwa hata kuingia katika akaunti yake.

Kwa nini nafasi hujificha

Ili kuelewa tatizo hili, chukua mfano wa shamba. Shamba la ekari nane linaweza kuwa na mawe ya mpaka yanayozunguka ekari mbili pekee, na mkulima akalima ekari hizo mbili tu. Ekari sita zilizobaki hazijaenda kokote, bali hazimo ndani ya mipaka, na hakuna jembe lililozigusa.

Kadi ya kumbukumbu hugawanywa vivyo hivyo. Kila kiwanja ndani yake mafundi hukiita patisheni. Mwanzoni kabisa mwa kadi kuna jedwali dogo linaloandika kila patisheni inaanzia sekta gani na kuishia wapi. Hilo ndilo mfano wa mawe ya mpaka. Kisha ndani ya kila patisheni kuna mfumo wa faili, ambao hupanga majina ya faili na mahali zilipo. Huo ndio mfano wa sehemu iliyolimwa.

Raspberry Pi OS, mfumo ambao hadi mwaka 2020 uliitwa Raspbian, huigawa kadi katika patisheni mbili. Ya kwanza ni ndogo, kwa kawaida megabaiti 256 katika matoleo ya zamani na 512 katika matoleo ya karibuni. Hiyo hutumia mpangilio wa FAT, na hubeba faili za kuwashia tarakilishi. Ya pili ndiyo kubwa, nayo hutumia mpangilio wa ext4. Humo ndimo mlimo na mfumo wote pamoja na faili za mtumiaji.

Mfumo huo hutolewa kama faili moja kubwa iitwayo taswira, ambayo ni nakala kamili ya kadi iliyokwisha kutayarishwa, pamoja na jedwali lake la mipaka. Watayarishaji huifanya iwe ndogo kadiri iwezekanavyo ili isichukue muda mrefu kupakuliwa. Unapoiandika taswira ya gigabaiti nne juu ya kadi ya gigabaiti 32, jedwali husema kwamba mpaka unaishia kwenye gigabaiti ya nne. Kadi haiwezi kupinga.

Tangu mwaka 2016, mfumo huo umekuwa ukijipanua wenyewe mara ya kwanza unapowashwa. Programu fupi husogeza mpaka hadi mwisho wa kadi, kisha hujiondoa ili isirudie kazi hiyo. Kwa sababu hiyo, watumiaji wengi hawakutani na tatizo hili kamwe.

Wanaokutana nalo ni wa makundi matatu. La kwanza ni la waliohamisha mfumo wao kutoka kadi ndogo hadi kubwa kwa kunakili kila kitu kama kilivyo. Programu ya kujipanua ilikwisha kufanya kazi katika kadi ya zamani ikajiondoa, na kwa hivyo haimo katika kadi mpya. La pili ni la wanaotumia taswira zilizotengenezwa na watu wengine bila programu hiyo. La tatu ni la wale ambao stima ilipotea, au walichomoa waya, katika dakika zile za kwanza za kuwasha.

Kutambua tatizo

Usianze kutibu kabla ya kujua ugonjwa. Fungua dirisha la amri katika tarakilishi yako ndogo na uandike:

lsblk

Utaonyeshwa orodha ya hifadhi zote. Kadi huitwa mmcblk0, na patisheni zake huitwa mmcblk0p1 na mmcblk0p2. Tuseme kadi nzima imeandikiwa 29.7G, patisheni ya kwanza 512M, na ya pili 6.9G. Ukijumlisha hizo mbili unapata takriban gigabaiti 7.4. Zaidi ya gigabaiti 22 zimelala nje ya mipaka.

Usishangae kuona 29.7 badala ya 32. Watengenezaji wa kadi huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali tarakilishi huhesabu 1,073,741,824. Tofauti hiyo si wizi.

Amri ya pili ni hii:

df -h

Hiyo haikuonyeshi mipaka, bali ukubwa wa mfumo wa faili na kiasi kilichotumika. Linganisha majibu ya amri hizo mbili. Iwapo lsblk inasema patisheni ya pili ni ndogo kuliko kadi, mpaka haujasogezwa. Iwapo lsblk inasema patisheni ni gigabaiti 29 lakini df inasema 7, mpaka ulikwisha kusogezwa ila ardhi mpya haijalimwa. Iwapo zote zinakubaliana kwamba kadi imetumika hadi mwisho, basi hakuna cha kupanua. Unahitaji kupunguza faili au kutafuta kadi kubwa zaidi.

Kuna hali moja ya kutatanisha ambapo df huonyesha nafasi tele, lakini mfumo unakataa kuandika faili mpya. Jaribu:

df -i

Mfumo wa ext4 una idadi maalumu ya vitambulisho vya faili, na kila faili, hata ndogo namna gani, huchukua kimoja. Kifaa kinachohifadhi vipimo vidogo vidogo kwa mamilioni kinaweza kumaliza vitambulisho kabla ya kumaliza gigabaiti. Kupanua husaidia hapa pia, kwa sababu ardhi mpya huja na vitambulisho vyake.

Tahadhari kabla ya hatari

Kuna mambo matatu ya kutimiza kabla ya kugusa mpaka wowote.

Mosi, tengeneza nakala ya akiba. Zima tarakilishi ndogo kwa utaratibu, toa kadi, na uitie katika tarakilishi nyingine yenye Linux. Kwa kutumia lsblk tena, tambua jina ambalo kadi imepewa huko. Tuseme ni sdb. Kisha andika:

sudo dd if=/dev/sdb of=nakala.img bs=4M status=progress

Amri hii huisoma kadi nzima na kuihifadhi kama faili moja. Hakikisha diski ina nafasi inayolingana na ukubwa wa kadi. Kwa kasi ya megabaiti 20 kwa sekunde, kadi ya gigabaiti 32 huchukua takriban dakika 27. Soma jina la kifaa mara mbili kabla ya kubonyeza. Herufi zinazofuata if= ni chanzo, na zinazofuata of= ni mwisho wa safari. Anayezibadilisha hufuta kile alichokusudia kukilinda, wala hakuna onyo litakalotolewa. Mwenye Windows anaweza kufanya kazi hiyo kwa programu ya Win32 Disk Imager. Wasio na nafasi ya kutosha wanakili angalau faili zao wenyewe katika kisodo cha USB.

Pili, hakikisha umeme ni wa uhakika. Stima ikipotea wakati mfumo wa faili unabadilishwa, hasara inaweza kuwa kubwa. Katika maeneo ambako umeme hukatika mara kwa mara, tumia betri ya akiba yenye uwezo wa kutosha, au ifanye kazi hiyo katika kipakatalishi chenye chaji.

Tatu, hakikisha kadi ni halisi. Jambo hili lina uzito wake, nasi tutalirejelea hapo chini.

Njia ya kwanza: menyu

Njia nyepesi zaidi kwa wenye Raspberry Pi OS ni hii. Andika:

sudo raspi-config

Menyu itafunguka. Kwa vishale vya kibodi, chagua "Advanced Options", kisha "Expand Filesystem". Ujumbe utakuarifu kwamba patisheni imebadilishwa, na kwamba mfumo wa faili utapanuliwa utakapowasha upya. Toka katika menyu, kubali kuwasha upya, na usubiri. Usichomoe waya hata ukiona skrini imekaa kimya kwa dakika moja au mbili. Tarakilishi ikishawaka, andika df -h ujionee.

Iwapo njia hii imefaulu, huna haja ya kuendelea na zinazofuata.

Njia ya pili: amri mbili

Zipo tarakilishi ndogo za aina nyingine zisizo na menyu hiyo, na zipo nyakati ambapo menyu hukataa. Hapo kazi hufanywa kwa mkono, na hapa ndipo ile tofauti kati ya jiwe la mpaka na jembe inapodhihirika. Kwanza sogeza mpaka:

sudo parted /dev/mmcblk0 resizepart 2 100%

Nambari 2 inataja patisheni ya pili, na 100% ina maana ya mwisho wa kadi. Ukionywa kwamba patisheni inatumika, kubali kuendelea. Kisha washa tarakilishi upya ili isome jedwali jipya, na uandike amri ya pili:

sudo resize2fs /dev/mmcblk0p2

Amri hii ndiyo inayolima ardhi mpya. Mfumo wa ext4 unaweza kukuzwa huku ukiendelea kutumika, kwa hivyo huna haja ya kutoa kadi. Kwa kawaida kazi huisha kwa sekunde chache au dakika chache.

Kosa linalotokea sana ni kuandika amri ya pili bila ya kwanza. Jibu huwa kwamba mfumo wa faili tayari una ukubwa uliopo na hakuna la kufanya. Wengi hukata tamaa hapo, ilhali tarakilishi inasema kweli. Ndani ya mipaka ya zamani hakuna ardhi iliyobaki ya kulima. Rudi ukasogeze mpaka, kisha uwashe upya.

Miongozo mingi ya zamani huelekeza mtu kutumia fdisk. Kwa njia hiyo, patisheni ya pili hufutwa kutoka jedwali, kisha huundwa upya kwa ukubwa mpya. Kufuta huko huwatisha watu, na si bure. Ukweli ni kwamba kinachofutwa ni mstari mmoja wa jedwali, wala si faili. Iwapo patisheni mpya itaanzia sekta ile ile ya zamani, faili zote zitakuwa pale pale. Ikianzia sekta tofauti, mfumo hautapata chochote pale unapotarajia.

Hapo ndipo wengi huangukia. Katika kadi ambazo patisheni ya kwanza ni ya megabaiti 256, ya pili mara nyingi huanzia sekta ya 532480. Ambazo ya kwanza ni ya megabaiti 512, ya pili mara nyingi huanzia 1056768. Lakini fdisk yenyewe, unapounda patisheni mpya, hupendekeza sekta ya kwanza iliyo huru, na huenda ikawa ile ya 2048 iliyo mwanzoni mwa kadi. Anayebonyeza tu bila kusoma hujikuta na kipande kidogo kisicho na maana. Iandike nambari ya mwanzo kwenye karatasi kabla ya kufuta chochote. Na ukiulizwa kama uondoe alama ya mfumo wa faili uliokuwepo, jibu la.

Kuna faraja moja. Mabadiliko ya fdisk hayaandikwi hadi ubonyeze herufi w. Ukihisi umekosea, bonyeza q utoke, na kadi itabaki kama ilivyokuwa.

Njia ya tatu: tarakilishi nyingine

Patisheni hukua kuelekea mbele tu kwa urahisi, tena ikiwa nafasi iliyo huru inaifuata moja kwa moja. Ikiwa kuna patisheni ya tatu katikati, mathalani iliyotengwa kwa ajili ya data, amri zilizotajwa hazitafua dafu. Kwanza jirani huyo sharti ahamishwe.

Kazi hiyo inafaa kufanywa katika tarakilishi nyingine yenye Linux, kadi ikiwa haitumiki, kwa programu ya GParted. Programu hii huonyesha patisheni kama vipande vya rangi ambavyo mtu huvivuta kwa kipanya. Isogeze patisheni ya tatu hadi mwisho wa kadi, kisha ivute ya pili ijaze pengo. Kusogeza patisheni ni kunakili kila kilichomo ndani yake hadi mahali papya, kwa hivyo huweza kuchukua saa nzima au zaidi. Kukatizwa hapo ni hatari kuliko katika njia nyingine zote.

Vivyo hivyo kwa anayetaka kupanua patisheni ya kwanza. Baadhi ya waliosasisha mifumo ya zamani hugundua kwamba megabaiti 256 za kuwashia hazitoshi tena. Ili kuongeza hapo, patisheni kubwa sharti isukumwe mbele yote. Inawezekana, lakini kwa wengi ni nafuu kuandika mfumo mpya katika kadi nyingine na kurejesha faili kutoka kwa nakala ya akiba.

Kuhamia kadi kubwa

Ikiwa kadi ya sasa imetumika hadi mwisho, hakuna amri itakayoiongeza. Katika Raspberry Pi OS yenye dawati kuna programu ya SD Card Copier, ndani ya orodha ya "Accessories". Tia kadi mpya kwa kutumia kifaa cha USB cha kusomea kadi, chagua chanzo na mwisho, na ianzishe. Uzuri wake ni kwamba hurekebisha ukubwa wa patisheni yenyewe inaponakili, kwa hivyo tatizo lililotuleta hapa halizuki.

Ukinunua kadi mpya, tazama alama ya A1 au A2. Kadi ya A1 hupaswa kumudu angalau shughuli 1,500 za kusoma na 500 za kuandika kwa sekunde, vipande vikiwa vidogo vidogo. Hayo ndiyo matumizi halisi ya mfumo endeshi, tofauti na kamera inayoandika faili moja ndefu.

Mtego wa Windows

Mtu akiitia kadi ya Raspberry Pi katika tarakilishi ya Windows, huona mambo mawili ya kutisha. Kwanza, kadi ya gigabaiti 32 huonekana kama ya megabaiti mia chache tu. Pili, dirisha huweza kutokea likisema kwamba diski inahitaji kuumbizwa kabla ya kutumika.

Usikubali kamwe. Windows haifahamu ext4 kwa hali ya kawaida, na kwa hivyo huona patisheni ya FAT pekee. Ile kubwa yenye kazi yako yote huiona kama ardhi isiyo na mwenyewe. Ukikubali ombi hilo, unakuwa umeidhinisha kufutwa kwa mfumo wako. Funga dirisha, toa kadi kwa utaratibu, na uirejeshe katika tarakilishi yake.

Kadi bandia

Kuna hali ambapo kupanua ndiko kunakofichua ulaghai. Kadi bandia hutengenezwa kwa kubadilisha taarifa ndani ya kidhibiti chake, hata kadi yenye gigabaiti nane halisi ikajitangaza kuwa ya 64. Tarakilishi huamini kile inachoambiwa. Mpaka utasogezwa hadi gigabaiti ya 64, resize2fs itaripoti ufanisi, na df itaonyesha nafasi ya kupendeza.

Maafa huja baadaye. Kinachoandikwa kupita uwezo halisi hupotea, au hurudi kufunika kilichoandikwa awali. Picha hufunguka nusu, faili za mfumo huharibika, na siku moja tarakilishi hukataa kuwaka. Mwenyewe hulaumu amri alizoandika wiki tatu zilizopita, kumbe mkosaji ni kadi.

Dawa ni kuipima kadi ikiwa mpya na tupu. Katika Linux kuna programu ya F3. Amri ya f3write huijaza kadi yote, nayo f3read hukagua kama yaliyoandikwa yangalipo. Katika Windows kuna H2testw inayofanya kazi hiyo hiyo. Ni zoezi la subira. Kwa kasi ya megabaiti 10 kwa sekunde, kuijaza kadi ya gigabaiti 64 huchukua karibu saa moja na dakika 47, bado kuisoma. Lakini aliyeipima kadi siku ya kuinunua anaweza kuirudisha dukani akiwa na ushahidi, jambo asiloweza yule aliyegundua baada ya miezi mitatu.

Mambo yakiharibika

Iwapo tarakilishi haiwaki baada ya kupanua, usikimbilie kuandika mfumo mpya juu ya kadi hiyo. Kila kinachoandikwa sasa hupunguza uwezekano wa kuokoa cha zamani. Itie kadi katika tarakilishi nyingine yenye Linux na uhakikishe haijafunguliwa huko. Ikiwa imepewa jina sdb, kagua:

sudo e2fsck -f /dev/sdb2

Amri hii hutafuta makosa katika mfumo wa faili na kupendekeza marekebisho. Ikiwa inadai kwamba haioni mfumo wa faili kabisa, shaka ya kwanza iwe ni sekta ya mwanzo kuandikwa vibaya. Rejelea ile karatasi uliyoiandika, unda patisheni upya kwa nambari sahihi, na mara nyingi faili zitaonekana tena. Ikishindikana, irejeshe nakala ya akiba.

Baada ya kupanua

Nafasi mpya si leseni ya kujisahau. Mfumo wa ext4 kwa desturi hutenga asilimia tano ya nafasi kwa ajili ya msimamizi, kwa hivyo katika kadi ya gigabaiti 32 usistaajabu kuona takriban gigabaiti moja na nusu haihesabiwi kuwa huru. Akiba hiyo ndiyo humwezesha msimamizi kuingia na kusafisha kadi inapojaa.

Aidha, chunguza kilichoijaza kadi hapo awali. Amri ya sudo apt clean huondoa mabaki ya programu zilizopakuliwa, nayo sudo journalctl --vacuum-size=100M hupunguza kumbukumbu za mfumo hadi megabaiti 100. Kama chanzo ni kifaa kinachorekodi usiku na mchana, gigabaiti 22 zilizoongezwa zitaisha pia. Weka utaratibu wa kuhamisha rekodi za zamani kila juma. Kwa kazi nzito ya kuandika, tafuta diski ya SSD ya kuunganishwa kwa USB, kwa kuwa kadi za kumbukumbu huchakaa kadiri zinavyoandikwa.

Kwa ufupi, msomaji ashike mambo mawili. Kupanua nafasi ni vitendo viwili, kusogeza mpaka na kisha kuukuza mfumo wa faili, na aliyefanya kimoja akaacha kingine hajapanua chochote. La pili ni nakala ya akiba. Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Dakika 27 za kusubiri kadi inakiliwe si kitu mbele ya muhula mzima wa alama za wanafunzi.